Raate ni chungu kweli, lakini si dawa ya malaria wala ya vidonda vya tumbo

Msomaji wetu aliyeko Oulu, Finland, anauliza: "Niko huku mwaka wa sita. Mama mkwe wangu hukausha majani ya mmea uitwao raate, unaoota kwenye matope ya pembeni mwa ziwa, na humchemshia kila mwenye tumbo baya au homa. Ni machungu kuliko mwarobaini! Anasema wazee wao walijitibia homa za vipindi, nami nikakumbuka malaria. Mama yangu yuko Muheza, ana vidonda vya tumbo miaka mingi. Desemba tunakwenda kumwona na watoto wetu wawili. Je, nimpelekee mama majani haya? Sisi tuyabebe kwa ajili ya malaria? Na mizizi yake inafaa?"

Dada yangu, kabla ya habari za mmea wenyewe kuna majibu mawili yasiyoweza kungoja. Majani hayo usimpelekee mama. Na kwa malaria msiyategemee hata siku moja, si nyinyi wala watoto. Mengine unaweza kuyasoma taratibu huku chai ikipoa.

Nakuandikia kwa urefu kwa sababu mama mkwe wako hakukosea kila kitu. Ni vizuri umjibu kwa heshima, ukiwa na la kumweleza.

Raate ndiyo mmea ambao wataalamu wanauita Menyanthes trifoliata. Hilo jina la pili linasema "wenye majani matatu", na ukiinama ukautazama utaona hivyo: kila kikonyo kinachochomoza majini kimebeba vipande vitatu, laini na vinene kidogo, mfano wa jani la kunde. Waingereza wakauita haragwe la kinamasi kwa sababu hiyo, japo hauna undugu wowote na maharage. Mwanzoni mwa kiangazi cha huko hutoa maua meupe yenye nyuzinyuzi kwa ndani, kama kitambaa kilichochakaa pindo, na vichomozo vyake kabla ya kufunguka vina rangi ya waridi. Chini ya tope kuna shina nene kama kidole, lenye pingili, linalotambaa kama tangawizi. Barafu ikija majani hufa, shina hubaki chini likingoja, na mwaka unaofuata majani hurudi palepale. Mmea huu umeenea Ulaya, kaskazini ya Asia na Amerika ya Kaskazini. Kwetu Afrika Mashariki haupo. Wapo ndugu zake wa jamii moja, yale majani ya mviringo yanayoelea kwenye mabwawa na madimbwi, yenye maua madogo yenye manyoya, ambayo watu wengi huyadhania kuwa mayungiyungi machanga.

Uchungu wake una jina kwenye kemia. Ni kundi la viambata viitwavyo sekoiridoidi, na vilivyomo kwenye raate ni pamoja na foliamentini na mentiafolini. Famakopia ya Ulaya, yaani kitabu rasmi cha viwango vya dawa, hutaka majani haya yawe na kipimo cha uchungu kisichopungua 3,000. Kwa lugha ya jikoni: ukitoa uchungu wote wa gramu moja ya majani makavu ukauzimua hadi ufikie lita tatu za maji, ulimi bado uutambue. Kwa hiyo uliposema ni machungu kuliko mwarobaini sikushangaa hata kidogo.

Uchungu huo una kazi, na hapo ndipo mama mkwe ana haki. Binadamu ana vipokezi vya ladha chungu vya aina 25 hivi. Chungu ikigusa ulimi, mate hutoka, tumbo huanza kumwaga asidi na vimeng'enya, na nyongo huongezeka. Mtu aliyepoteza hamu ya kula, au anayejisikia kujaa na kuvimbiwa baada ya mlo mzito wa mafuta, anaweza kupata nafuu akinywa kitu kichungu kabla ya kula. Kamati ya wataalamu wa serikali ya Ujerumani iliyopitia mitishamba moja baada ya nyingine, Kamisheni E, iliyakubali majani ya raate kwa mambo mawili tu: kukosa hamu ya kula, na tumbo lisilosaga chakula vizuri. Kiwango walichotaja ni gramu 1.5 hadi 3 kwa siku nzima. Ujue pia kwamba kibali hicho kilisimama juu ya matumizi ya miaka mingi na ujuzi wa kemia ya mmea. Hakukuwa na majaribio makubwa ya wagonjwa nyuma yake.

Sasa geuza maelezo hayo uyatazame kwa upande wa mama yako. Kinachomfaa mtu asiye na hamu ya kula, yaani asidi kuongezeka, ndicho hichohicho kinachomwagwa juu ya kidonda kibichi. Mtu mwenye vidonda vya tumbo hapewi dawa chungu za kuamsha tumbo, iwe raate, iwe shubiri, iwe majani yoyote ambayo jirani ameyasifia. Tena raate ikizidi huleta kichefuchefu, kutapika na kuharisha. Kwa mzee mwenye kidonda ambacho huenda kinavuja damu kidogokidogo bila yeye kujua, hilo si jambo la kujaribia.

Na niseme jambo ambalo hukuniuliza. "Vidonda vya tumbo miaka mingi" ni maneno ninayoyasikia kila wiki, na mara nyingi nikiuliza mgonjwa alipimwa nini, jibu ni kwamba hakupimwa. Alipewa dawa ya kupunguza asidi, akapata nafuu, ikaisha, maumivu yakarudi. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walimtambua bakteria anayeishi kwenye utando wa tumbo, ambaye sasa anaitwa Helicobacter pylori. Marshall alifika mahali pa kumnywa mwenyewe ili athibitishe kwamba anaumiza tumbo, na mwaka 2005 wote wawili walipata Tuzo ya Nobel. Vidonda vingi husababishwa na bakteria huyo au na matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama diklofenaki, zile ambazo wazee wetu humeza kwa ajili ya magoti na mgongo. Bakteria hupimwa kwa choo au kwa pumzi, na hutibiwa kwa antibayotiki zilizounganishwa na dawa ya kupunguza asidi. Wengi hupona moja kwa moja. Kama mama anatumia omeprazo, aulize aiache muda gani kabla ya kipimo, kwa kawaida wiki mbili, maana inaweza kuficha majibu. Na akiona choo cheusi kama lami, akitapika damu au akipungua uzito bila sababu, hiyo si ya kungoja Desemba.

Turudi kinamasini, kwenye homa. Wajerumani wanauita mmea huu Fieberklee, yaani klova ya homa; klova ni jani la malisho lenye vipande vitatu. Jina hilo limewapoteza wengi, na ukilisikia wewe uliyekulia Muheza lazima moyo ukuruke. Tena ndani yake mna historia ya kweli: Ulaya ya kaskazini ilikuwa na malaria. Finland yenyewe ilikuwa nayo karne ya 18 na ya 19, Uingereza kwenye nchi ya vinamasi ya mashariki, Uholanzi, Sweden. Mbu wa anofelesi walipitisha majira ya baridi ndani ya nyumba zenye joto, pamoja na watu. Ni mwaka 1975 tu ambapo Shirika la Afya Duniani lilitangaza Ulaya imeondokana na malaria. Basi wazee wa mama mkwe waliposema homa za vipindi, zile zinazokuja, zinakuacha siku moja, kisha zinarudi, walikuwa wakiisema malaria bila kujua jina.

Lakini ilikuwa malaria ipi? Ile ya kaskazini ilikuwa hasa ya kimelea aitwaye vivaksi. Humtesa mtu, humdhoofisha, ila mara nyingi vipindi vyake hupoa vyenyewe baada ya wiki kadhaa, kisha huibuka tena miezi mingi baadaye. Sasa mtu akiwa anakunywa raate wakati homa inapoondoka, sifa zinakwenda kwa nani? Homa ikirudi mwakani, watasema hakunywa ya kutosha. Ugonjwa wa namna hiyo hutengenezea dawa jina zuri hata kama dawa haikufanya kitu.

Sababu ya pili ni uchungu wenyewe. Gome la mkwinini lilipofika Ulaya kutoka milima ya Andes katika karne ya 17, liliponya homa hizo kwelikweli, na lilikuwa chungu ajabu. Lilikuwa pia ghali. Maskini wa kijijini angelipata wapi? Akatazama alichonacho bwawani, kikali ulimini kama gome la matajiri, akasema hiki na kile ni kimoja. Mwaka 1820 Wafaransa Pelletier na Caventou walipoitoa kwinini peke yake kutoka kwenye gome, ndipo ikajulikana kwamba kinachoua kimelea ni molekuli fulani ambayo imetokea tu kuwa chungu. Raate haina kwinini. Ina uchungu wake mwingine, unaofanya kazi nyingine.

Hili mama yako anaweza kulielewa kuliko mama mkwe wako, kwa sababu analiona kwa macho. Juu ya Muheza, kule Amani kwenye milima ya Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, wakapanda mikwinini pamoja na mamia ya miti mingine ya kigeni. Vita vya kwanza vya dunia vilipofunga bahari, Amani ikageuka kuwa kiwanda cha dawa, ikitengeneza kwinini kwa ajili ya jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki. Walipopoteza eneo hilo mwaka 1916, askari waliendelea kuchemsha magome porini na kunywa maji yake, na uchungu wa kinywaji kile ulikuwa wa kukunja uso mpaka wakakibandika jina la kamanda wao, pombe ya Lettow. Angalia: watu waliotoka nchi yenye klova ya homa kwenye kila kinamasi hawakuagiza klova. Walipanda mkwinini.

Nasi tusiwacheke wazee wa kaskazini. Bibi yangu alitubana pua na kutumiminia mwarobaini kila mvua za masika zilipoanza, na alikuwa na imani ileile: homa ni tamu kwa mwili, chungu itaifukuza. Bado wako watu wazima, wenye elimu zao, wanaoanza na mwarobaini siku tatu ndipo waende zahanati. Malaria ya Muheza si vivaksi ya kina babu wa Finland. Ni ya kimelea mwingine mkali zaidi, falsiparamu, na mtoto asiye na kinga anaweza kutoka homa hadi degedege na kupoteza fahamu ndani ya siku moja au mbili. Siku hizo tatu za mwarobaini, au za raate, ndizo zinazoua.

Kuhusu watoto wako nisisitize. Wewe mwenyewe ulijenga kinga fulani ulipokuwa ukiumwa utotoni, lakini hupungua mtu akikaa mbali miaka, na yako sasa usiihesabu. Watoto waliokulia Oulu hawana kabisa. Mwende kwenye kituo cha afya mapema, wiki kadhaa kabla ya safari, mwambie daktari mnakwenda mkoa wa Tanga, mpewe vidonge vya kinga kulingana na uzito na umri wa kila mmoja. Chandarua chenye dawa mtakikuta kwa mama. Laleni ndani yake wote, hata kama joto linakera. Homa yoyote mkiwa huko, kipimo cha haraka siku hiyohiyo, na kikionyesha malaria, mseto.

Sasa mizizi. Hapa naandika kwa sauti ya juu kidogo.

Lile shina la chini, ambalo wengi huliita mzizi, lina historia nzito. Miaka ya njaa, watu wa Finland, Skandinavia na Urusi walilichimba, wakalikausha, wakalisaga, wakaliosha tena na tena kuondoa uchungu, kisha wakachanganya unga wake na nafaka kidogo waliyonayo na kuoka mkate. Haukuwa mkate wa kupendwa. Ni sawa na mizizi ya porini ambayo bibi zetu waliijua na hawakuitaja mpaka ukame ubane. Nafikiri matumizi haya ndiyo yanayoonyesha zaidi ujuzi wa watu wale: wakati wa njaa uchungu waliutoa, wakati wa ugonjwa wakautafuta.

Wengine waliutumia kwa njia zao. Sweden majani yalitiwa kwenye bia badala ya hopsi, yale maua machungu ya kuipa bia ladha. Visiwa vya Shetland walichemsha mzizi kwa ugonjwa wa manjano. Waaleuti wa Alaska waliunywa kwa gesi tumboni, kukosa choo na baridi yabisi. Wachina wanauita mboga ya usingizi. Na katika miaka ya 1990 watafiti wa Uppsala, Sweden, walichunguza dondoo la shina hilo, kwa kuwa wenyeji walilitumia kwa maradhi ya figo, wakaona dalili za kupunguza uvimbe na kulinda figo za panya wa maabara. Panya, dada. Ukisikia mtu anauza "dawa ya figo" ya raate, mkumbushe neno hilo.

Kwa nini basi nakukataza kuchimba? Kwenye matope hayohayo ya pembeni mwa ziwa hukaa mmea ambao Wafini wanauita myrkkykeiso, mmoja kati ya mimea yenye sumu kali kupita yote kaskazini ya Ulaya. Sumu yake imejaa hasa kwenye shina la chini, lililogawanyika ndani kuwa vyumba vyumba, na huleta degedege na kifo kwa kipande kidogo tu. Majani ya mimea hii miwili hayafanani: la myrkkykeiso limechanwachanwa kama la karoti. Lakini anayechimba gizani mwa tope, akivuta mizizi iliyosukana, hashiki jani. Mama mkwe aliyezaliwa kando ya ziwa hilo huenda anajua kutofautisha kwa kunusa. Wewe mwaka wa sita bado ni mgeni wa kinamasi kile, kama mimi. Chuma majani tu, yale ya vipande vitatu yaliyosimama juu ya maji, wakati wa maua, mkiwa pamoja. Huko Finland, kanuni iitwayo "haki ya kila mtu" inakuruhusu kuchuma mimea isiyolindwa. Ukivuka kwenda Ujerumani, mmea huu unalindwa na sheria, usiuguse.

Kama unayataka kwa tumbo lako mwenyewe lililojaa baada ya karamu, na huna vidonda, basi: kijiko kidogo kimoja cha majani makavu, ambacho ni karibu gramu moja, kwenye kikombe cha maji yanayochemka. Funika dakika tano hadi kumi, chuja, unywe nusu saa kabla ya kula. Usitie sukari wala asali, kwa maana ukiuficha uchungu kwenye ulimi umeiondoa nusu ya dawa. Vikombe viwili kwa siku vinatosha, na kama baada ya wiki mbili bado tumbo linasumbua, tatizo si la chai. Mwenye mimba au anayenyonyesha asitumie, watoto wasipewe, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini asiichanganye kabla ya kumuuliza daktari wake. Mwenye kuharisha naye aiache.

Kwa hiyo begi la Muheza lisiwe na majani. Kama utapenda kumbebea mama kitu cha tumbo, mbebee nauli ya kwenda kupima na siku moja ya kukaa naye hospitali, umuulize anameza vidonge gani vya magoti na tangu lini. Mfikishie shikamoo yangu.

Na mtakaporudi Oulu, kwa miezi mitatu ya mwanzo, mtoto akipata homa hata ndogo mkadhani ni mafua ya huko, kikombe cha raate kibaki kabatini. Nendeni hospitali usiku huohuo, na kabla hamjaulizwa chochote pale mapokezi semeni kwamba mlikuwa Tanzania.